Nanunua kwa jumla na kufuata ofa, mbona fedha ya chakula haifiki mwisho wa mwezi?

*“Tuko sita nyumbani: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari. Tangu mwaka uanze mimi ndiye ninayefanya manunuzi ya chakula, na nimejitahidi kufuata kila ushauri ninaousikia. Mshahara ukitoka nakwenda duka la jumla, nanunua mchele, unga, sukari, mafuta, viazi na vitunguu vya mwezi mzima. Ofa ya nunua mbili upate ya tatu bure hainipiti. Risiti zote natunza. Lakini tarehe 20 ikifika fedha imekwisha. Siku zilizobaki tunakopa kidogo kidogo duka la jirani, na huku tunatupa viazi vilivyochipua na maziwa yaliyopitisha tarehe. Mwezi uliopita tuliacha kununua mayai na matunda ili tubane matumizi, na bado hatukufika. Mke wangu anasema nikiingia dukani sijui kujizuia. Mimi naona ni bei tu zimepanda. Nani kati yetu yuko sahihi, na nikate nini kingine?”*

Kaka yangu, umeuliza ukate nini, lakini katikati ya maneno yako nasoma swali jingine ambalo hukuliandika: unafanya yote uliyoambiwa ni sahihi, na bado mnafika tarehe 20 mikono mitupu, je, kasoro ni yako? Hilo nalijibu kwanza. Mtu anayetunza risiti zote na kukaa chini kuuliza swali refu namna hii si mfujaji. Tatizo ni kwamba ushauri uliopewa ni wa watu wenye fedha ya ziada na stoo kubwa, na wewe umeuchukua mzima mzima ukauingiza kwenye mshahara usio na ziada.

Kuhusu wewe na mke wako, kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Bei zikipanda, nyumba yenye kipato kidogo huumia zaidi kuliko nyumba ya tajiri, na jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1857, mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alipochambua matumizi ya familia za Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa ya mapato yake. Kwa hiyo unaposema unabanwa, unabanwa kweli. Mke wako naye hakosei anapolitilia shaka duka. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, muuzaji akamletea. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka mjini Memphis, Marekani, ambalo mteja aliingia mwenyewe kati ya rafu na kuchukua kwa mkono wake. Tangu hapo wenye maduka wamejifunza kupanga bidhaa ili mkono ufike kule ambako faida iko: zenye faida kubwa usawa wa macho, zenye faida ndogo chini kabisa, vitamu karibu na mahali pa kulipia ambapo mtoto amesimama akisubiri. Kila binadamu anayeingia humo anasukumwa, wewe na mimi tukiwemo.

Hata hivyo, ningekuwa mezani kwenu ningewaomba muache hoja zote mbili kwa muda. Kwa maelezo uliyonipa, fedha yenu inapotelea nyumbani, baada ya risiti kukatwa. Risiti inakuonyesha bei ya kitu kilichoingia kwenye mfuko. Bei inayoamua kama mtafika mwisho wa mwezi ni ile ya kitu kilicholiwa, na kati ya hizo mbili kuna pengo.

Chukua hesabu hii. Unanunua gunia la viazi kwa jumla, na kwa kila kilo umepunguziwa asilimia 20 ukilinganisha na bei ya reja reja. Kwenye risiti umeokoa. Kisha robo ya viazi hivyo inachipua, inakuwa ya kijani au inaoza, unaitupa. Umelipa 80 pale ambapo wengine wamelipa 100, lakini mmekula 75 tu. Gawanya 80 kwa 75: kila kiazi kilichofika kwenye sahani kimewagharimu karibu asilimia 7 zaidi kuliko kama ungenunua vichache vichache kwa bei kamili. Na hapo sijahesabu nauli ya kubebea gunia. Ukitupa robo ya kitu chochote ulichonunua kwa bei ya kawaida, kilichobaki kimepanda bei kwa theluthi moja, na hakuna duka lililokupandishia.

Najua neno “kutupa” linachoma, kwa sababu hakuna anayejiona ni mtu wa kutupa chakula. Lakini jambo hili si la nyumba yenu peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na takriban asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, si mahotelini wala madukani. Hicho cha majumbani ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, na ripoti hiyo inasema wazi kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ni ndogo sana. Chakula hutupwa kidogo kidogo: nusu fungu la mboga lililonyauka, wali wa jana uliosahauliwa nyuma ya sufuria, nyanya mbili zilizopondeka chini ya mfuko. Kwa kuwa ni kidogo, hakuna anayekihesabu.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo naliona zito zaidi kwako, na watu wengi wanaoshauri kununua kwa jumla hawaligusi kabisa: muda wa fedha.

Siku mshahara unapotoka, unachukua sehemu kubwa ya fedha ya mwezi na kuigeuza kuwa sukari, mafuta na unga. Kuanzia hapo fedha hiyo imelala stoo. Huwezi kuitoa ukanunue nyanya. Vitu vinavyotakiwa vibichi kila siku chache, yaani mboga, maziwa, mayai, samaki, matunda, vinabaki kugombania fedha kidogo iliyosalia, na hiyo ndiyo inayokwisha tarehe 20. Hapo unakwenda duka la jirani na kununua kwa vipimo vidogo kabisa, na kipimo kidogo ndicho kilicho ghali kuliko vyote kwa kila gramu. Tena unakopa, na anayekopa hachagui duka wala habishani bei. Mshahara unaofuata unaanza kwa kulipa deni, kwa hiyo fedha ya chakula inaanza mwezi ikiwa imepungua, unakwenda tena duka la jumla na kilichobaki, na mzunguko unajirudia. Ulichookoa tarehe 1 unakirudisha chote, na zaidi, kati ya tarehe 20 na 30. Ukipata nafasi, toa risiti zako za jumla na daftari la deni uziweke pamoja mezani. Tafuta kitu kimoja ambacho umekinunua sehemu zote mbili ndani ya mwezi mmoja, mafuta kwa mfano, ulinganishe bei kwa lita. Hapo utaona ninachosema kwa tarakimu zako mwenyewe.

Kuna na la tatu, dogo lakini la kweli: wingi hulegeza mkono. Mafuta yakiwa kwenye chupa ndogo, mpishi humimina kwa uangalifu. Yakiwa kwenye dumu la lita 20, humimina tu. Sukari ni hivyo hivyo, na biskuti ndiyo usiseme. Mkinunua kingi, mnatumia kingi, na mwezi unabaki na siku zilezile. Dawa yake ni kumimina sehemu ya matumizi ya wiki kwenye chombo kidogo cha jikoni na kuliweka dumu mbali na jiko.

Sasa, je, uache kununua kwa jumla? Hapana. Nataka ununue vichache, kwa zamu. Kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi kikipita maswali matatu: kinakaa bila kuharibika kwa muda wote mtakaokitumia, mnakula kweli kila wiki, na kukinunua hakuli fedha ya vibichi. Mchele, maharage makavu, dengu, chumvi, sukari na sabuni hupita. Unga hupita kama mnaumaliza ndani ya mwezi na una chombo chenye mfuniko unaobana. Kama una friza, ukiuweka humo siku nne hivi kabla ya kuuhamishia kwenye chombo, mayai ya wadudu yaliyomo hufa. Mafuta hupita kwa masharti: mwanga, joto na hewa huyafanya yachachuke, kwa hiyo dumu likae gizani, mbali na jiko, limefungwa. Viazi, vitunguu vya mwezi mzima, nyanya na maziwa ya kawaida havipiti. Na badala ya kununua vyote vya jumla siku moja, nunua kimoja au viwili kila mwezi: mwezi huu mchele wa miezi miwili, mwezi ujao maharage na sabuni, unaofuata mafuta. Utapata bei ya jumla ileile bila kuilaza fedha yote kwa pamoja.

Kwa ajili ya fedha ya vibichi, fanya hivi. Mshahara ukitoka, tenga fedha ya chakula ya mwezi mzima. Toa sehemu ya deni utakayolipa mwezi huo. Toa kile kimoja au viwili vya jumla vya mwezi huo. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya siku mpaka mshahara mwingine, kisha zidisha kwa 7 upate fedha ya wiki. Usigawe kwa 4. Wiki 4 ni siku 28, na miezi mingi ina siku 30 au 31. Nyumba nyingi zinazosema “siku za mwisho hututesa” zinateswa na siku hizo mbili tatu ambazo hazikuwekwa kwenye hesabu. Fedha ya kila wiki ikae kwenye bahasha yake, au kama unatumia simu, kwenye akaunti tofauti na ile ya matumizi mengine, na bahasha ya wiki ya tatu isiguswe wiki ya pili hata kwa ofa nzuri namna gani.

Na tuseme ukweli kuhusu deni: halitaisha mwezi wa kwanza. Ukilipa lote kwa mkupuo, fedha ya mwezi itapungua na utakopa tena. Kaa na mwenye duka mkubaliane ulipe kwa awamu, theluthi moja kila mwezi kwa mfano, na katika miezi hiyo usikope kipya. Mwenye duka anayekujua kwa kawaida hukubali akiona una mpango.

Tuje kwenye ofa. Nunua mbili upate ya tatu bure ni punguzo la theluthi moja, na ni punguzo la kweli, mradi zote tatu zitaliwa na ulikuwa unahitaji angalau mbili. Kama ulihitaji moja, duka limekuuzia mara mbili ya ulichokusudia. Kama ya tatu imeishia kwenye ndoo ya taka, umelipia mbili bei kamili na kufanya kazi ya kuibeba ya tatu. Kwa hiyo kabla ya kuchukua jiulize kitu kimoja tu: kingekuwa hakina ofa, leo ningekinunua? Kwa sabuni na mchele jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa maziwa ya mtindi yanayobakiza siku nne, na kwenu wanaoyala ni wawili tu, jibu ni hapana.

Silaha inayokusaidia kuliko ofa ni ile lebo ndogo kwenye rafu inayoonyesha bei kwa kilo au kwa lita. Nchi za Umoja wa Ulaya, na nyinginezo kama Australia, zina sheria zinazoyabana maduka kuiweka. Pasipokuwa nayo, simu yako inatosha: gawanya bei kwa gramu. Utakuta mara kwa mara pakiti kubwa si nafuu kuliko ndogo, na utagundua ujanja mwingine ambao macho hayauoni, pale bei inapobaki ileile huku pakiti ikipunguzwa gramu 500 kuwa 450. Hilo ni ongezeko la bei la asilimia 11 ambalo halikuandikwa popote. Kwenye vitu vya kopo, angalia uzito usio na maji. Kopo la kawaida la maharage la gramu 400, ukiyachuja, hukupa kama gramu 240 za maharage. Maharage makavu yakichemshwa hufikia uzito wa kama mara mbili na nusu ya yalivyokuwa, kwa hiyo nusu kilo kavu inalingana na makopo matano hivi. Weka bei ya makopo matano kando ya bei ya nusu kilo na uamue.

Nimesema uamue kwa sababu maharage makavu yana gharama nyingine: moto. Kama gesi au umeme kwenu ni ghali, kuchemsha sufuria ndogo kila siku kunaweza kula faida yote. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pika mengi kwa mara moja, gawa na ugandishe. Maharage mekundu hasa yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa maana yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi na inayosababisha kutapika vibaya.

Na chapa ya duka lenyewe, ile yenye pakiti isiyovutia? Watu huiogopa bila sababu. Kwa chumvi, sukari, mchele, unga na maharage, soma viambato: vikiwa sawa, unacholipia kwenye chapa maarufu ni tangazo. Kwa vitu vilivyochanganywa viwandani, kama soseji na mchuzi wa nyanya, hapo linganisha kwa makini, maana rahisi inaweza kuwa na maji na wanga mwingi. Jaribu kimoja kwa wakati mmoja, usibadilishe jikoni kote wiki moja watoto wakagoma.

Nirudi kwenye viazi na maziwa yako, kwa kuwa hapo kuna fedha ya kuokoa wiki hii hii. Kiazi huchipua kwa joto na huwa cha kijani kwa mwanga. Kikae gizani, mahali penye ubaridi na hewa, kwenye gunia au boksi, si mfuko wa plastiki, na kisikae pamoja na vitunguu, kwa maana vikikaa pamoja huharibiana haraka. Kilichotoa machipukizi madogo lakini bado kigumu na hakina kijani, kata machipukizi na sehemu inayoyazunguka, kipike. Kilicholegea au chenye kijani kingi kitupe bila kusikitika, kwa sababu sumu iliyomo haiondoki kwa kupikwa. Ndizi mbivu, maembe, maparachichi, tufaha na nyanya hutoa gesi ya ethilini inayoivisha vilivyo karibu, hivyo yasilale na mboga za majani. Mboga za majani ondoa kamba, toa yaliyoanza kuoza, zifunge kwenye kitambaa kikavu au karatasi kisha ziweke friji. Maji juu ya jani ndiyo huozesha, kwa hiyo zioshwe siku ya kupikwa.

Kuhusu tarehe, watu wengi huchanganya mbili. “Bora kabla ya” inazungumzia ubora: biskuti, mchele, pasta, vyakula vya kopo visivyobonyea wala kuvimba vinaweza kuliwa baada yake kama havijaharibika kwa kuonekana, harufu na ladha. “Tumia kabla ya” inazungumzia usalama, nayo huwekwa kwenye nyama, samaki na vyakula vinavyooza haraka. Hiyo heshimuni, kwa sababu bakteria wanaomfanya mtu augue si lazima watoe harufu. Soma maziwa yenu yanaandikwa ipi. Lakini suluhisho lake si kuyanusa, ni kununua pakiti ndogo au kuyagandisha kabla tarehe haijafika.

Wali uliobaki nautaja peke yake. Mchele una vijimbegu vya bakteria, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, ambavyo haviuawi na kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba, vinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Uupoze haraka, kwenye sinia pana ikibidi, uingie friji ndani ya saa moja hivi, uliwe kesho yake, upashwe moto mara moja tu mpaka utoe mvuke kote. Msiokoe chakula mkalipia hospitali.

Swali lako la mwisho: ukate nini. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu mlichokata mwezi uliopita ndicho nisingekata. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini iliyo bora, halihitaji moto mwingi, na kwenye friji hukaa wiki tatu na zaidi. Kwa watoto watatu wanaokua, mayai na maharage ni miongoni mwa njia nafuu kabisa za kuwajenga. Rudisheni mayai. Matunda rudisheni yale ya msimu, machache, yanayonunuliwa kila wiki. Fedha yake itoeni kwenye soda na juisi za pakiti, biskuti na vitafunwa vya kukaanga, na kwenye nyama. Nyama sisemi iishe: ikatwe vipande vidogo, ipikwe ndani ya maharage au dengu, ladha ibaki na kilo zipungue. Nimeona familia zikipunguza mboga na mayai huku kreti ya soda ikiendelea kuingia kwa ajili ya wageni, na ninaelewa aibu ya kumkaribisha mgeni kwa maji. Lakini wageni wanaowapenda hawatataka watoto wenu walipie kinywaji chao.

Kuna jambo hukulisema: nani anapika? Kama wewe unanunua na mke wako, au mama, ndiye anayepika, huenda sehemu ya mnachotupa ni vitu ambavyo mpishi hakuvihitaji. Anayepika ndiye anajua kwamba kitunguu kipo cha kutosha na kwamba watoto wamechoka na dengu. Kabla ya kutoka, fungueni friji na stoo pamoja, andikeni kilichopo, pangeni milo mitano ya wiki inayoanza na vinavyowahi kuoza, na siku mbili ziachwe za kumalizia mabaki. Orodha ya dukani itoke hapo. Naamini hilo litamaliza pia mabishano yenu ya nani hajui kujizuia, kwa sababu orodha itakuwa ya wote wawili.

Mpango huu una mipaka, na sitaki mama yako aathirike ukiufuata. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya aina fulani vinavyoshusha sukari, hawezi kuruka mlo wala kupunguziwa chakula kwa ghafla kwa sababu fedha imekwisha. Dawa itaendelea kushusha sukari ilhali hakuna chakula. Akitetemeka, akitoka jasho jingi, akichanganyikiwa au kuongea visivyoeleweka, apewe kitu cha sukari mara moja kama anaweza kumeza, na afikishwe kituo cha afya. Wazee wengi hukaa kimya na kusema wameshiba ili wajukuu wale. Muulize kwa upole kama amewahi kufanya hivyo baada ya tarehe 20. Kabla ya kubadilisha chakula cha nyumbani nenda naye kliniki, mwone mtaalamu wa lishe, mwambie wazi kiasi cha fedha mlichonacho. Usione haya kutaja kiwango, kwa sababu hawezi kukupangia milo inayowezekana bila kukijua. Habari njema ni kwamba maharage, dengu, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa zinamfaa mama na zinawafaa watoto, hivyo hamtahitaji sufuria mbili.

Watoto nao wapimwe uzito na urefu kama kuna anayeonekana kupungua, kuchoka ovyo au kusinzia darasani. Na kama baada ya miezi miwili mitatu ya bahasha, orodha na ndoo ya taka iliyo karibu tupu bado mnalala na njaa siku yoyote ile, basi tatizo limetoka kwenye manunuzi na limekuwa la kipato. Hapo ushauri wa kubana matumizi hautakusaidia, na kuendelea kukata kutaanza kuwadhuru. Mwone afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, ulizia shuleni kama kuna mpango wa chakula cha wanafunzi, zungumza na viongozi wa dini au kikundi mnachochangia. Nenda mapema, kabla deni halijawa kubwa kuliko mshahara.

Kwa sasa usibadilishe mpango wa manunuzi kwa wiki mbili. Bandika karatasi ukutani juu ya ndoo ya taka, na kalamu ining'inie hapo kwa uzi. Kila anayetupa chakula, hata mtoto, aandike ni nini, kiasi gani na kwa nini: kimechipua, kimesahaulika, kilipikwa kingi, hakikupendwa. Asigombezwe mtu kwa alichoandika, la sivyo wataacha kuandika. Baada ya hapo zitafuteni bei zake kwenye risiti zako na mjumlishe. Niandikie tena na jumla hiyo, na vitu vitatu vilivyotokea mara nyingi zaidi, tuanzie hapo kupanga mwezi unaofuata.